Jinsi ya Kuomba Rekodi za Serikali ya Kaunti Ukazipata

Ukienda kwenye ofisi ya kaunti ukauliza, "Mbona zahanati yetu haijafunguliwa?" utapewa maelezo. Utaambiwa mwanakandarasi amechelewa, pesa hazijatoka Nairobi, mvua ilizidi. Maelezo hayana muhuri wala sahihi, na kesho afisa mwingine atakupa mengine. Lakini ukiomba nakala ya mkataba wa ujenzi, hati za malipo na ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, mazungumzo hubadilika. Ama karatasi ipo, ama haipo, na majibu yote mawili yana uzito.

Kwa hiyo, popote utakapokwama katika safari hii ndani ya kaunti yoyote ya Kenya, rudi hapo: omba karatasi, usiombe maelezo.

Sheria iliyo upande wako

Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Namna ya kuzipata imeelezwa katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Namba 31 ya 2016. Kwa upande wa kaunti, kifungu cha 96 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema raia akiomba habari zilizo kwa kaunti au idara yake yoyote apewe, na kinaitaka kila kaunti itenge ofisi ya kushughulikia maombi hayo.

Ndani ya sheria ya 2016 mna mambo ambayo maafisa wengi hawayajui, au wanajifanya hawayajui. Hulazimiki kusema unazitakia nini habari hizo. Kifungu cha 4 kinasema haki yako haiathiriwi na sababu unazotoa wala na yale afisa anayodhani ndiyo sababu zako. Kuwasilisha ombi ni bure. Unaweza kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kuomba kwa mdomo; afisa ndiye atakayeandika ombi hilo na kumpa nakala yake. Na ingawa ofisi inaweza kuwa na fomu yake, ombi halikataliwi kwa sababu tu hukuijaza fomu hiyo.

Haki hii ni ya raia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya jarida la Nairobi Law Monthly dhidi ya KenGen, kwamba kampuni haihesabiki kuwa raia kwa ajili ya Ibara ya 35. Sheria ya 2016 ililegeza jambo hilo: kampuni au shirika la binafsi linalodhibitiwa na Wakenya linaweza kuomba. Hata hivyo, kama ninyi ni kikundi cha kijiji, ombi la mtu mmoja mwenye kitambulisho husumbua kidogo kuliko ombi la kikundi, kwa sababu hakuna atakayeanza kuwauliza cheti cha usajili.

Karatasi iko kwa nani?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza miezi. Chifu, naibu kamishna, polisi, shule za msingi na za upili na fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, viko chini ya serikali ya kitaifa. Hatimiliki za mashamba ni za Wizara ya Ardhi. Kaunti ndiyo yenye zahanati, vituo vya afya na hospitali zake, shule za chekechea, masoko, leseni za biashara, ada za kuegesha magari, uzoaji taka, huduma za maji, uidhinishaji wa ramani za majengo na kodi ya ardhi ambayo wengi huiita "rates".

Barabara zina mtego. Moja inaweza kuwa ya kaunti, na ile inayokutana nayo kwenye njia panda ikawa ya KeRRA, KURA au KeNHA, ambayo ni mamlaka ya kitaifa. Basari pia: kuna za kaunti na kuna za NG-CDF, na mzazi aliyekosa mara nyingi hajui ni ipi aliyoomba. Tazama jina lililo juu ya fomu kabla ya kuandika barua.

Ukikosea ofisi, hujapoteza kila kitu. Sheria inamtaka afisa aliyepokea ombi lisilomhusu alihamishe kwa ofisi husika ndani ya siku 5, na wewe ujulishwe ndani ya siku 7 tangu alipolipokea. Si wote wafanyao hivyo, lakini ni vyema kukinukuu kifungu hicho, cha 10, unapoambiwa "hapa si kwetu" na mtu asiyetaka hata kuigusa barua yako.

Ndani ya kaunti yenyewe kuna nyumba mbili. Upande wa gavana, barua huandikwa kwa katibu wa kaunti, na nakala kwa afisa mkuu wa idara inayohusika, kwa maana yeye ndiye mwenye dhamana ya fedha na mafaili ya idara. Waziri wa kaunti usimtegemee sana katika hili. Yeye ni mwanasiasa, faili liko kwa afisa mkuu. Upande wa bunge la kaunti, anayeandikiwa ni karani wa bunge. Huko ndiko kuna Hansadi, yaani kumbukumbu za mijadala, ripoti za kamati, na rejesta ya mahudhurio ya diwani wako. Kampuni ya maji ya kaunti ni taasisi ya umma inayojitegemea, na ombi linakwenda kwa meneja wake mkuu. Manispaa zina mameneja wao.

Tazama kwanza yaliyokwisha kuchapishwa

Kifungu cha 5 cha sheria ya 2016 kinazitaka taasisi za umma zichapishe mambo mengi bila kuombwa. Kuandika barua ya kuomba kitu kilicho wazi ni kumpa afisa nafasi ya kukujibu kwa kejeli.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga karatasi zake kwa tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, hufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Tathmini ya utekelezaji wa bajeti, CBROP, hukamilishwa kufikia tarehe 30 Septemba. Taarifa ya mwelekeo wa fedha ya kaunti huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Juu ya zote kuna CIDP, mpango wa miaka mitano. Kila robo ya mwaka ikiisha, hazina ya kaunti ina mwezi mmoja wa kutoa ripoti ya matumizi na kuitangaza.

Ukikuta tovuti ya kaunti imelala, kama ilivyo kwa nyingi, usikate tamaa. Msimamizi wa Bajeti huchapisha mwenyewe ripoti za utekelezaji wa bajeti za kaunti zote 47, zikionyesha pesa zilizopokewa, zilizotumika, na madeni ambayo hayajalipwa. Hiyo ndiyo dawa ya kisingizio cha "pesa hazijaja". Sheria za kaunti, zikiwemo zile za fedha zinazoweka ada za soko na leseni, hupatikana kwenye tovuti ya Kenya Law. Zabuni na mikataba iliyotolewa hutafutwa kwenye tenders.go.ke.

Halafu kuna ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo nazipenda kuliko zote. Katiba inampa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha kukamilisha ukaguzi wake. Usizisome kuanzia ukurasa wa kwanza, utasinzia. Ruka hadi sehemu inayoeleza msingi wa maoni ya mkaguzi, na ile ya uhalali na ufanisi wa matumizi ya fedha za umma. Humo miradi iliyokwama hutajwa kwa jina, pamoja na kiasi cha mkataba na kile wakaguzi walichokikuta walipotembelea eneo. Ukiukuta mradi wenu humo, barua yako itaandikika kwa dakika chache.

Itaje karatasi kwa jina lake

Turudi kwenye zahanati. Jengo limesimama, bati limeezekwa, mlango una kufuli, na nyasi zimefika dirishani. Mradi wa namna hii huacha nyayo za karatasi tangu ulipofikiriwa, na kila unyayo una jina.

Mwanzo ni ukurasa wa ADP na mstari wa bajeti uliouidhinisha. Kisha tangazo la zabuni. Kisha orodha ya kazi, vifaa na bei ambayo kila fundi na kila afisa huiita BQ. Humo utaona ni mifuko mingapi ya saruji, milango mingapi, tangi la maji la ukubwa gani. Baada ya tathmini huja barua ya kumjulisha mshindi, halafu mkataba wenye sahihi, halafu kumbukumbu za siku mwanakandarasi alipokabidhiwa uwanja. Kazi ikiendelea hutolewa hati za malipo, kila moja ikisema ni kiasi gani cha kazi kimefanyika na kinadai pesa ngapi. Mwishoni kuna ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, ambayo imewekwa na kifungu cha 48 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, na hatimaye cheti cha kukamilika kwa kazi.

Huhitaji zote. Nikiambiwa nichague mbili, ningechukua BQ na hati ya mwisho ya malipo. Ukiziweka pamoja ukasimama mbele ya jengo, utajua kama tangi lililolipiwa lipo. Ikiwa ripoti ya kamati ya upokeaji inasema kazi imekamilika ilhali choo hakijachimbwa, una jambo la kumpelekea diwani, Mkaguzi Mkuu, au tume ya kupambana na ufisadi, EACC.

Kwa basari, omba orodha ya mgao kwa kila wadi, idadi ya walionufaika, viwango walivyopewa, majina ya shule, na kumbukumbu za kikao kilichoamua. Majina ya watoto yaache. Ukiyaomba utampa afisa sababu halali ya kukunyima barua nzima.

Kwa ada za soko: kitabu cha makusanyo ya kila siku au ripoti ya mapato ya soko hilo kwa mwezi. Kwa leseni ya jengo linaloota ghafla karibu na kwako: ramani iliyoidhinishwa, barua ya idhini, na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira kama ilihitajika, ingawa hiyo ya mwisho iko NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Weka mipaka ya wakati. "Rekodi zote za soko" ni ombi litakalorudishwa au kucheleweshwa kwa haki kabisa. "Ripoti za mapato za Julai hadi Septemba" halina pa kukwepea. Na usichanganye mambo. Barabara iwe na barua yake, basari iwe na yake, la sivyo idara moja ikichelewa zote zitachelewa nayo.

Barua yenyewe

Iwe fupi, ukurasa mmoja. Lugha ya hasira ihifadhiwe kwa mkutano wa hadhara. Mfano:

*Kwa Katibu wa Kaunti,*
*Serikali ya Kaunti ya ………*
*Nakala: Afisa Mkuu, Idara ya Afya*

*Bwana/Bibi,*

*YAH: OMBI LA HABARI KUHUSU UJENZI WA ZAHANATI YA ………, WADI YA ………*

*Mimi ni raia wa Kenya, mwenye kitambulisho namba ……… Naomba, chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nakala za hati zifuatazo:*

*1. Mkataba wa ujenzi uliotiwa sahihi, pamoja na BQ.*
*2. Hati zote za malipo zilizotolewa kwa mwanakandarasi hadi tarehe ya barua hii.*
*3. Ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji.*

*Ikiwa hati yoyote kati ya hizi haipo, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi. Ikiwa sehemu ya hati ina habari zisizoweza kutolewa, naomba sehemu hiyo izibwe nami nipewe iliyobaki, pamoja na sababu.*

*Niko tayari kulipia gharama halisi ya kunakili. Ningependelea kutumiwa kwa barua pepe iwapo hati ziko kwenye kompyuta.*

*Natarajia uamuzi wako ndani ya siku 21 kama inavyotakiwa na kifungu cha 9.*

*Wako mwaminifu,*
*(Jina, sahihi, simu, anwani)*

Sentensi inayoanza na "Ikiwa hati yoyote kati ya hizi haipo" ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika barua hiyo. Afisa anaweza kunyamaza kuhusu karatasi iliyopo. Kuandika kwa mkono wake kwamba malipo yalifanyika bila ripoti ya upokeaji ni jambo atakalolifikiria mara mbili, na mara nyingi ripoti iliyopotea huonekana.

Kuipeleka

Chapisha nakala mbili. Usimwachie mlinzi langoni, wala usimkabidhi "kijana wa ofisini" aliyejitolea kukusaidia. Nenda masjala, mahali barua zinapopokewa na kuandikwa kwenye rejesta. Moja wanabaki nayo; nyingine wanaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe unarudi nayo nyumbani. Soma tarehe ya muhuri kabla ya kuondoka kaunta, maana mihuri mingine hukwama kwenye tarehe ya juzi na hakuna aliyegundua. Piga picha.

Wakikataa kugonga muhuri, tuma barua hiyo hiyo kwa barua pepe rasmi ya kaunti ukiwa hapo hapo mlangoni, au itume kwa posta ya rejista uhifadhi risiti. Unaloshughulikia ni ushahidi wa siku waliyoipokea. Bila huo, mlango wa rufaa unakuwa mzito.

Akitokea mtu wa kukuomba "ya chai" ili faili lisogee, mwambie kuwasilisha ni bure kwa kifungu cha 12, na kwamba ada pekee inayoruhusiwa ni ile isiyozidi gharama halisi ya kunakili na kufikisha nakala hizo. Kama mafaili ni makubwa, omba kwanza kuyakagua ofisini, kisha uchague kurasa unazotaka. Hii hupunguza gharama na, kusema kweli, hukufundisha mengi kuliko nakala zenyewe, kwa sababu faili zima huonyesha pia barua zilizoandikwa pembeni na nani alichelewesha nini.

Siku 21

Hesabu inaanza siku ombi lilipopokewa. Afisa ana siku 21 za kuamua. Anaweza kuongeza muda mara moja tu, siku zisizozidi 14, kama habari ni nyingi mno au anahitaji kushauriana na wengine, lakini lazima akujulishe. Ikiwa ombi linahusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Usilitumie hilo kwa barabara ya lami, utaharibu imani.

Katikati ya wiki ya pili, piga simu. Kwa upole. Uliza faili liko meza ya nani, uandike jina la cheo na tarehe. Mara nyingi barua haijakataliwa. Imekaa tu chini ya nyingine, na simu moja huiinua.

Wakikubali, watakueleza gharama, namna ya kulipa na namna utakavyozipata hati. Ukishalipa, sheria inawapa siku 2 za kazi kukukabidhi. Dai risiti rasmi ya kaunti.

Wakinyamaza hadi muda ukaisha, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa kukataliwa. Huna haja ya kusubiri barua ambayo haitakuja.

Majibu ya kukwepa, na ya kuwajibu

"Hii ni siri ya serikali." Kifungu cha 6 kina orodha ya mambo yanayoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, maisha ya mtu kuwekwa hatarini, faragha kuingiliwa bila sababu, maslahi ya kibiashara, na mengineyo. Mwombe aandike ni kipengele kipi cha kifungu cha 6 anachokitumia. BQ ya zahanati haihusiani na usalama wa taifa.

"Mambo ya zabuni hayatolewi." Wakati tathmini inaendelea, usiri upo na una maana yake. Mkataba ukishatolewa, kifungu cha 138 cha sheria ya ununuzi kinamtaka afisa mhusika auchapishe na kuutangaza. Kama mwanakandarasi ana siri ya kweli ya biashara ndani, izibwe hiyo.

"Sheria ya Kulinda Data inatukataza." Hiki ni kisingizio kipya, kilichopata umaarufu baada ya sheria hiyo ya 2019. Sheria hiyo inalinda habari za watu binafsi. Kiasi kilicholipwa kutoka hazina ya kaunti si habari ya mtu binafsi. Jibu ni lile lile: zibeni namba za kitambulisho na za simu, nipeni kilichobaki.

"Unazitakia nini? Umetumwa na nani?" Hili huulizwa hasa mwaka wa uchaguzi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ililigusa katika kesi ya Katiba Institute, waliokuwa wameomba habari za matangazo ya serikali kutoka kitengo cha utekelezaji cha Rais wasijibiwe. Mahakama iliamuru habari zitolewe. Jibu fupi la kumpa afisa: "Kifungu cha 4 kinasema si lazima niseme." Nyamaza hapo. Ukianza kujieleza utaingia kwenye mjadala ambao hukuwa na haja nao.

"Njoo kesho." Usibishane. Sema asante, nenda nyumbani, uandike ujumbe wa barua pepe: "Leo tarehe fulani nilifika ofisini kwenu nikaambiwa nirudi kesho." Kesho yake rudi. Karatasi yako nayo inaongezeka unene.

Rufaa kwa Tume

Anayesimamia sheria hii ni Tume ya Haki za Utawala, CAJ, ambayo wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman. Kaulimbiu yake ni "Hata mnyonge ana haki." Haitozi ada, na si lazima uwe na wakili. Mbali na makao makuu Nairobi, ina ofisi za mikoani na madawati katika baadhi ya vituo vya Huduma.

Una siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi, ingawa Tume inaweza kukuongezea muda. Kama ulinyamaziwa, anza kuhesabu siku 30 zako tangu siku ya 21 ilipopita, usijipe raha. Ambatisha barua yenye muhuri, majibu yoyote uliyopata, na maelezo ya nusu ukurasa kuhusu yaliyotokea. Unaweza kukata rufaa kwa sababu ulinyimwa zote, ulipewa nusu, ulitozwa ada kubwa mno, au muda uliongezwa bila sababu.

Tume mara nyingi huanza kwa kuiandikia kaunti, na barua hiyo peke yake hulainisha wengi. Isipotosha, ina mamlaka ya kuita mashahidi, kuagiza hati ziletwe, na kutoa amri kwamba habari zitolewe. Asiyeridhika na amri hiyo, iwe ni wewe au kaunti, ana siku 21 za kwenda Mahakama Kuu. Usiiruke Tume ukaenda mahakamani moja kwa moja. Mahakama Kuu imekwisha kuwarudisha watu kwa kosa hilo.

Jua pia kwamba kuharibu, kubadilisha au kuficha rekodi ili isitolewe ni kosa la jinai. Sikushauri kuanza na kitisho hicho, ila ukisikia faili "limeungua" wiki moja baada ya barua yako, litaje kwa Tume.

Rekodi za kabla ya 2013

Kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kabla ya hapo kulikuwa na mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya, na mafaili yao ndiyo yenye majibu ya migogoro mingi ya viwanja vya soko na ardhi ya umma. Kumbukumbu za vikao vya baraza zinaweza kuonyesha siku kiwanja cha kuchezea kilipogeuzwa kuwa ploti, na ni madiwani gani walipendekeza. Mengi yalirithiwa na makao makuu ya kaunti. Uliza masjala kuhusu stoo ya mafaili ya zamani na taja jina la baraza la kale, kwa kuwa mafaili yamepangwa kwa jina hilo. Mengine yako kwenye Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Rekodi iliyokaa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa haina kizuizi, isipokuwa taasisi ithibitishe vinginevyo.

Karatasi zikifika

Zihesabu kurasa hapo hapo. Mikataba ina viambatisho, na kiambatisho kinachokosekana mara nyingi ni kile chenye bei. Linganisha namba ya zabuni kwenye mkataba na ile iliyo kwenye hati za malipo. Zikitofautiana, umepewa karatasi za mradi mwingine, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Pungufu likiwepo, andika siku hiyo hiyo barua ya mistari mitatu ukitaja ombi lako la kwanza na tarehe ya muhuri wake, ueleze ni kurasa zipi hazikuja, kwa sababu zile siku 30 za rufaa zimeshaanza kuhesabika.